Mtoto Aliyefuta Sauti Yake

Mimi si mwalimu mpole. Nasema hivyo mapema ili asiyependa walimu wakali aache kusoma hapa. Nimekulia katika kituo kidogo cha Salama, pale barabarani, ambapo wazazi wangu walihamia kutoka upande wa kati wa nchi wakafungua kibanda cha kuuza vitunguu na viazi kwa wenye malori. Mtoto wa kibandani hujifunza kupaza sauti, la sivyo gari huondoka na mteja. Kikamba nilikipata kwenye michezo, Kikuyu nilikipata kwa kugombezwa, na Kiswahili nilikipata kwa kupigania bei. Nikawa mtu mzima ninayeamini kwamba mwenye la kusema hulisema, na asiyesema hana.

Nilianza kufundisha karibu na mji wa Wote, na baadaye nikahamishiwa shule ya msingi moja nje kidogo ya Kyuso, kaskazini mwa Kitui. Sikufurahia uhamisho ule. Nilifika msimu wa kiangazi, vumbi likiwa limepanda mpaka kwenye mashuka, na wiki ya kwanza nililia kila nikifua. Halafu mvua ikanyesha, ndengu zikaota pande zote za njia, na nikaacha kulia kwa sababu nilikuwa na kazi.

Nilipewa Gredi ya Nne. Darasa lilikuwa limejaa, madawati yamebanana, na waliokaa nyuma walikuwa wakiruka juu ya wenzao ili kutoka nje. Asubuhi ya kwanza nilipoita majina, nilifikia jina la msichana mmoja aliyekaa karibu na ukuta, na safu nzima ikajibu kwa pamoja, "Yuko." Nikaita tena, nikimwangalia yeye. Safu ikajibu tena, bila kiburi wala utani, "Yuko, Teacha." Yeye alinitazama tu. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya sweta licha ya joto.

Katika chumba cha walimu nilielezwa. Tangu alipoanza shule hakuna mwalimu aliyewahi kusikia neno lake. Si swali, si jibu, si kilio. Walimu walimwita "yule bubu", na si kwa ubaya, jinsi unavyomwita mtu mrefu "yule mrefu". Wenzake walikuwa wameshazoea kumwitikia, kumwombea ruhusa ya kwenda msalani, na kumwambia mwalimu kwamba anaumwa na tumbo. Mwandiko wake ulikuwa safi na majibu yake ya kuandika yalikuwa sahihi. Lakini mtaala wetu mpya una sehemu ya kusikiliza na kuzungumza, na mtoto hupimwa akisoma kwa sauti mbele ya mwalimu. Katika sehemu hiyo, kila muhula, alikuwa ameandikiwa kwamba yuko chini ya matarajio.

Nilimwita mama yake. Alikuja na leso mbili, moja ya kujifunga na moja ya kupangusia uso, akakaa pembeni ya kiti.

"Nyumbani anaongea, Mwalimu," alisema. "Anaongea mpaka tunamwambia anyamaze. Anagombeza mbuzi. Anaimbia mtoto mdogo. Akifika kwa geti ya shule, inaisha."

"Inaisha aje?"

"Hata mimi sijui. Tumeombewa. Tumefunga na kinamama wa kanisa. Wengine wanasema ni kitu ya ukoo wa baba yake."

Sikujua kama nimwamini. Wazazi wengi husema mtoto wao ni hodari nyumbani. Lakini aliposema lile la ukoo alitazama chini, na niliona kwamba si mara yake ya kwanza kulisema mbele ya mwalimu.

Nikiwa Wote niliwahi kuhudhuria semina ya siku chache kuhusu kufundisha watoto wa kila aina katika darasa moja. Mwezeshaji alituambia kwamba somo lipangwe tangu mwanzo likiwa na milango mingi: mtoto mmoja aingie kwa kusoma, mwingine kwa kusikiliza, mwingine kwa kushika, na kila mmoja aonyeshe alichojua kwa njia anayoiweza. Sisi wa viti vya nyuma tulicheka. Mwenzangu aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo milango mingi inakuja na madarasa. Tulikunywa chai, tukala mandazi, tukarudi kwetu kuandika ubaoni. Sasa nilikuwa Kyuso na mtoto ambaye mlango wa kawaida ulikuwa umemfungia nje, na maneno ya mwezeshaji yule yalikuwa yananirudia nikiwa nachota maji.

Shule yetu ilikuwa na vishikwambi, zile tableti za serikali. Viliishi ofisini kwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli mbili. Wageni wakitarajiwa, vilitolewa, vikapanguswa vumbi, vikapangwa juu ya meza yenye kitambaa, na watoto wasafi wakawekwa mbele yake. Wageni wakienda, vilirudi ndani. Usidhani mwalimu mkuu alikuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyevitilia sahihi, mlango wa ofisi ulikuwa wa mbao, na shule jirani iliwahi kuvunjwa. Katika kichwa chake, kazi ya kishikwambi ilikuwa kutopotea.

Nilimsumbua. Kila asubuhi nilipita ofisini kwake nikamwuliza vinaendeleaje, kama mtu anayemwulizia mgonjwa. Siku moja nilimwambia kwamba vitazeeka bila kukutana na mtoto. Alivua miwani.

"Madam, wewe ni mtu wa maneno."

"Ni ukweli, Sir."

"Kimoja kikivunjika?"

"Basi kitakuwa kimefanya kazi kwanza."

Akanipa vichache, na akanifuata mpaka darasani kuona vinavyoshikwa.

Somo la kwanza lilikuwa aibu. Mada ilikuwa kuvuna maji ya mvua, na nilikuwa nimepanga kila kitu usiku uliotangulia. Waligombana. Mmoja alipata wimbo, ukalia kwa nguvu zote, na darasa la jirani likaanza kuimba. Betri mbili zilikufa kabla ya mapumziko kwa sababu wingu lilikuwa limekaa juu ya sola tangu asubuhi. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, na jioni nilikaa kitandani nikiwa na hakika kwamba sisi wa viti vya nyuma tulikuwa sahihi kucheka.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho watoto walikijua tayari. Huku kuna mwethya, kina mama wanakusanyika leo kulima shamba la huyu, kesho la yule, na anayeweza jembe analima, asiyeweza anapika, mzee anachunga watoto, na hakuna anayeuliza kwa nini fulani hakushika jembe. Niliwaambia darasa letu lifanye mwethya. Leo tunalima shamba la huyu, yaani tunamsaidia huyu aelewe, na kila mtu alete anachoweza. Sikuhitaji kueleza mara mbili. Walijigawa wenyewe, tena kwa haki kuliko ambavyo ningewagawa mimi.

Kulikuwa na mvulana asiyeona vizuri ambaye miaka yote alikuwa akinakili kutoka kwa jirani. Alijifunza kupanua maandishi kwa vidole viwili mpaka neno moja likajaza kioo kizima, akasoma "tangi", akacheka peke yake. Waliokuwa wamekosa shule kwa sababu ya kuvuna ndengu walisikiliza somo la juzi nililolirekodi kwa sauti yangu, wakiwa wamekaa chini ya dirisha. Mmoja aliyelelewa na nyanya yake, Kiswahili chake kikiwa kidogo, alijibu kwa Kikamba na mwenzake akaandika kwa Kiswahili. Yule msichana wa ukutani aliandika. Alichora tangi na mifereji ya paa, akaweka mishale pale maji yanapopita. Lakini kikundi chake kilipobonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, aliondoa mikono mezani na kuiweka mapajani.

Nikamwomba mama yake jambo moja. Ijumaa jioni nitamtumia kifungu kwa simu, amwonyeshe binti, na kama binti akitaka, asome na kunitumia ujumbe wa sauti. Asilazimishwe. Mama alisema sawa, lakini alisema kwa namna ya mtu ambaye ameshasema sawa kwa mambo mengi.

Ijumaa hiyo nilikuwa nakaanga sukuma wiki simu ilipolia. Nilifungua nikidhani ni mtu wa kikundi chetu cha akiba. Ilikuwa sauti ya mtoto, nzito kidogo kuliko nilivyoitarajia, yenye mkwaruzo, ikikimbia kwenye mikato na kusimama vizuri kwenye nukta. Alisoma kifungu chote kuhusu kunawa mikono. Alikosea neno moja, akarudi nyuma, akalisahihisha. Nyuma yake kulikuwa na mbuzi na sufuria. Alipofika mwisho alisema, "Nimemaliza, Teacha."

Sukuma iliungua. Niliisikiliza mara nyingine, na nyingine, nikiwa nimesimama na mwiko mkononi, na nililia, si kidogo. Sikujua nimekuwa nikimngoja kiasi hicho.

Akawa ananitumia kila wiki. Nilimpima kwa zile sauti kama nilivyowapima wengine, na nikaandika kwamba amefikia matarajio. Mwalimu mkuu alirudisha karatasi yangu.

"Hizi ni za simu, Madam. Si za shule. Na tunajuaje ni yeye?"

"Mimi najua."

"Wewe unajua. Mimi nitaambia afisa nini?"

Hapo ndipo alipoleta habari ambayo ilininyima raha kwa muhula mzima uliofuata. Alikuwa ameshaandikia ofisi inayopima watoto wenye mahitaji maalum. Afisa angekuja kumwona msichana, na pendekezo la mwalimu mkuu lilikuwa apelekwe shule ya bweni ya watoto viziwi, ng'ambo ya mji wa Kitui. Kulikuwa na nafasi. Kulikuwa na chakula, na kila mwalimu alikuwa na watoto wachache. Hakuwa akimtupa, kwa mtazamo wake alikuwa akimtafutia mahali pa kufaa. Nilimwambia msichana huyu anasikia. Anasikia hata ukinong'ona kwenye mlango wa stoo. Mwalimu mkuu alisema mtoto asiyeongea na mtoto asiyesikia wanasaidiwa kwa njia moja, na kwamba yeye ana darasa lililojaa na hana mwalimu wa ziada. Nilitoka nikabamiza mlango, kisha nikarudi kuomba msamaha kwa sababu bawaba ilikuwa imelegea.

Nilifikiria mtoto yule akilala katika bweni ambamo wenzake wote wanaongea kwa mikono, lugha yao nzuri na kamili, na yeye hajui hata ishara moja, na hakuna wa kumwitikia "Yuko" asubuhi. Huku alikuwa amenyamaza katikati ya watu wanaomjua. Kule angenyamaza peke yake. Kwa hiyo kila kitu kikawa kinategemea siku ya afisa, na mimi nilikuwa na zile sauti za Ijumaa, na niliamini zingetosha.

Mama yake alinialika kanisani kwao Jumapili moja. "Njoo tu, Mwalimu. Kuna kitu." Nilidhani ni harambee, nikaweka noti kwenye Biblia. Ni kanisa la mabati, kubwa, lenye spika mbili nyeusi ambazo vijana wake wanazijali kuliko viatu vyao. Kina mama walinipa kiti cha mbele. Msichana alikuwa upande wa kulia na watoto wa shule ya Jumapili, katika gauni la manjano lenye mkanda.

Wakati wa ushuhuda ulipofika, mama yake alisimama. Alisalimia kanisa, akasema wanajua shida yake, wengi wamemshika mkono na wengine wamemsema. Akasema Mungu amefungua kinywa cha binti yake. Halafu akampa simu kijana wa mitambo. Nilielewa kitakachotokea wakati kijana alipochomeka waya.

Sauti ile nzito yenye mkwaruzo ikajaza mabati. "Kabla ya kula, tunanawa mikono kwa maji safi na sabuni." Kanisa likasema amina. "Tukitoka msalani, tunanawa mikono." Amina. Kila nukta aliyoisimamia vizuri, kanisa liliijaza kwa amina. Mama mmoja alipiga vigelegele. Niliinuka nikaenda kwa kijana wa mitambo na kumwonyesha kwa mkono apunguze. Alinitabasamia kwa heshima, akaongeza. Alidhani mwalimu anataka kusikia vizuri.

Nilipogeuka, msichana alikuwa ameweka viganja viwili masikioni. Hakukimbia. Aliinuka, akapita katikati ya viti mbele ya watu wote waliokuwa wakimshangilia, akatoka nje, na nilipofika mlangoni alikuwa ameshafika mbali kwenye njia ya kwao, gauni la manjano kwenye vumbi, mikono bado masikioni. Sauti yake ilikuwa ingali inasoma ndani.

Nilikasirika. Nilimngoja mama nje, nikiwa nimeshapanga maneno, na ninyi mnajua sasa kwamba maneno sikosi. Alitoka uso umelowa machozi ya furaha, akanishika mikono yote miwili. Kisha akaona uso wangu.

"Ni mbaya, Mwalimu? Mimi nilishukuru Mungu tu."

"Ulimwuliza kwanza?"

Hakuelewa swali. Katika kanisa lile, jema ulilotendewa si lako kulificha. Mtu aliyepona anasimama anasema, na asiposema ndipo watu wanashangaa. Alikuwa amefanya jambo la heshima kubwa kuliko yote aliyoyajua.

"Nilitaka waskie," alisema. "Wote. Hata wale walisema ni laana."

Nikayameza maneno yangu. Kama ningekuwa nimekaa miaka hiyo nikisikia mtoto wangu akiitwa laana, ningeazima spika za kaunti nzima. Nilimshika bega, tukasimama pale mpaka watu wakaanza kutuangalia.

Ijumaa iliyofuata hakukuja sauti. Wala iliyofuata. Darasani aliacha hata kuandika. Alikaa na kalamu iliyofunikwa, safu yake ikaendelea kuitikia "Yuko", ila sasa kwa sauti ya chini. Zile sauti za zamani nilikuwa nazo bado kwenye simu yangu. Usiku mmoja nilizitayarisha kwa ajili ya afisa, nikazipanga kwa tarehe. Halafu kidole kikakataa. Nilichotaka kufanya mbele ya afisa na mwalimu mkuu ni kile kile alichofanya mama yake mbele ya kanisa, tena mimi bila hata kisingizio cha furaha. Nilikaa na jambo hilo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepanga masomo yenye milango mingi ya kuingilia, na sikuwa nimefikiria kwamba mtoto anahitaji pia kuweza kuufunga mlango kwa ndani.

Nikapanga somo jipya. Halikuwa kwenye mtaala, nililiita Kiswahili ili nisiulizwe. Niliwapa vishikwambi na kuwaambia kila mmoja arekodi kitu chochote, kwa lugha yoyote, popote ndani ya uwanja. Wimbo, matusi ya mbuzi, chochote. Kisha asikilize mwenyewe. Kisha achague: kukiweka, kumpa mtu mmoja anayemtaka, au kukifuta. Niliwaonyesha alama ya pipa la taka. Niliwaonyesha kwamba ukibonyeza mara ya pili, kimekwenda, hata mimi siwezi kukirudisha.

"Hata mwalimu mkuu?" mmoja aliuliza.

"Hata yeye."

"Hata polisi?"

"Sijui ya polisi. Lakini mimi sitamwita."

Nilirekodi sauti yangu nikiimba vibaya, wakacheka, nikaifuta mbele yao. Nikachukua simu yangu, nikaenda mpaka dawati la ukutani, nikamwekea mbele zile sauti za Ijumaa zote. Sikusema kitu. Alizitazama. Akazifuta moja baada ya nyingine, polepole, ile ya kunawa mikono ikiwa ya mwisho. Nilimwacha. Zile za kwenye simu ya mama yake alikuwa ameshazifuta mwenyewe jioni ya ile Jumapili ya kanisa. Ushahidi wangu wote ulikwenda hivyo, na nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na tarehe, kwa sababu afisa alikuwa ameshapanga siku.

Baada ya hapo somo hilo likawa la kila Jumatano. Wengine waliweka, wengine waligawa. Yule mvulana wa maandishi makubwa alinipa hadithi ndefu isiyo na mwisho. Msichana alichukua kishikwambi, akaenda nyuma ya tangi la maji, akakaa huko, akarudi, na kila Jumatano kilirudi kitupu. Alikuwa anarekodi na kufuta. Nilijua kwa sababu chaji ilipungua. Alikuwa akisema nini nyuma ya tangi lile, sijui mpaka leo. Lakini alianza kuandika tena.

Afisa alikuja kwa pikipiki, mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua. Mwalimu mkuu alitayarisha chai. Mama aliitwa, akaja na leso zake mbili, akakaa karibu na mlango. Tulikuwa darasani kwangu wakati watoto wengine wako uwanjani, ingawa vichwa vyao vilikuwa madirishani.

Afisa hakuwa mkali. Alimwuliza msichana jina, kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, kwa upole. Kimya. Alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, na msichana akageuka, kwa hiyo la kusikia likaonekana, lakini afisa alisema kuna watoto wanaosikia makofi na hawasikii maneno. Akamwonyesha picha. Msichana alizigusa zote sawasawa. Afisa akaandika kitu, akakunja paji la uso.

"Mwalimu, unasema anasoma kwa sauti. Uko na kitu naweza kuskia?"

"Nilikuwa nazo. Zilifutwa."

"Nani alifuta?"

"Mwenyewe."

Mwalimu mkuu alipumua kwa pua. Mama alinitazama, na nilijua anauliza mimi ni mwalimu wa namna gani. Afisa alifunga kalamu. Alisema shule ile ya bweni ina walimu waliosomea, na mara nyingine mtoto hufunguka akipata mazingira mapya. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye amesafiri na anataka kurudi kabla ya jua kuwa kali. Mimi, mtu wa maneno, nilikuwa nimekauka.

Msichana aliinuka. Alienda mezani kwangu, akachukua kishikwambi, akatoka nje. Mwalimu mkuu alitaka kumwita, afisa akamzuia kwa mkono. Tulingoja. Chai ilipoa na kuweka utando. Watoto wa madirishani walikuwa wamegeuka wote kuelekea kwenye tangi, na hakuna hata mmoja aliyemfuata.

Alirudi, akakiweka mbele ya afisa, akabonyeza mwenyewe. Akabaki amesimama, mikono kando.

"Mimi naskia," sauti ilisema. Ilikuwa ile ile, nzito, yenye mkwaruzo, lakini bila haraka. "Naskia yote yenye mnasema. Mimi si bubu. Siwezi ongea hapa kwa sababu ikifika kwa mdomo inakwama. Nikiwa pekee yangu inatoka. Sitaki kuenda hiyo shule. Hapa wananijua. Nikiachwa pole pole nitaongea. Madam, ukimaliza kuskia, nirudishie nifute."

Afisa aliomba asikilize tena. Msichana alifikiria, akakubali kwa kichwa, mara moja. Baada ya mara ya pili alinyoosha mkono. Afisa alimpa kishikwambi, naye akabonyeza lile pipa la taka, na akabonyeza tena.

"Sasa?" mwalimu mkuu aliuliza. "Si ilikuwa ushahidi?"

"Nimeskia," afisa alisema, akafungua kalamu. "Na wewe ulikuwa hapa." Akaandika kwamba mtoto abaki alipo, na kwamba apimwe kwa njia anayoiweza, na akamwuliza mwalimu mkuu vile vishikwambi vingine viko wapi. Alijibiwa kwamba viko salama. Akamwambia avitoe.

Mama yake alikuwa analia kwenye leso ya uso. "Mwalimu," aliniambia, "imeenda kabisa? Hakuna kidogo ilibaki nibaki nayo?" Kabla sijajibu, msichana alivuka darasa. Alisimama mbele ya mama yake, akainama, akaweka mdomo karibu kabisa na sikio lake, na nikaona midomo ikitembea. Hapo hapo, ndani ya darasa, mchana, bila kifaa chochote mkononi. Yalikuwa maneno mengi. Mama alitikisa kichwa, akajibu kitu, naye akanena tena.

Mwaka mzima nilikuwa nimengoja sauti hiyo itoke ndani ya chumba kile, na ilipotoka haikunifikia. Niliona wivu, sitadanganya. Kisha nikawafukuza watoto madirishani ili wale wawili waongee.